Mzee Kanyaga na Taa za Lori la Kahawa

Wageni waliolisikia jina la Mzee Kanyaga kabla ya kumwona mwenyewe walimfikiria kuwa dereva mwenye mguu mzito, mtu wa kupita kwenye kona huku kuku wakitawanyika. Ukweli ni kwamba Aminieli Nkya hakuwahi kuendesha gari zaidi ya kulitoa uani na kulirudisha. Alikuwa fundi wa umeme wa magari. Kibanda chake cha mabati kilikuwa Njia Panda ya Machame, pale barabara ya mlimani inapoungana na ile kubwa ya Moshi na Arusha, na jina alilipata kwa sababu ya namna alivyofanya kazi.

Taa za breki hazipimwi vizuri na mtu mmoja. Mmoja hukaa kwenye kiti cha dereva akakanyaga pedali, mwingine husimama nyuma kutazama kama zinawaka. Mafundi wengine waliajiri wasaidizi kwa ajili hiyo. Aminieli hakuajiri mtu, kwa kuwa alikuwa na barabara mbele yake. Yeyote aliyepita aliitwa: mama mwenye kopo la maziwa, karani wa chama cha ushirika, mzee anayetoka zahanati na fimbo yake. "Nikanyagie kidogo, hutachelewa," angesema, akimfungulia mlango wa gari kwa heshima kana kwamba anamkaribisha sebuleni. Kisha sauti yake ingesikika kutoka nyuma, taratibu, kama mwalimu anayesomesha imla: "Kanyaga. Achia. Kanyaga. Achia."

Nilifundisha shule ya msingi iliyokuwa juu kidogo ya hapo, nami niliitwa mara nyingi. Nadhani nimekanyaga pedali za magari mengi kuliko madereva wengi wa Machame, ingawa mpaka leo sijui kuendesha.

Lakini mkanyagaji wake mkuu alikuwa Eliufoo Swai, mwinjilisti wa mtaa wetu, mtu mwembamba mwenye suruali iliyobanwa kifundoni kwa kibanio cha kuanikia nguo ili isinaswe na mnyororo wa baiskeli. Eliufoo alipanda kwenye kiti cha dereva kwa furaha ya mtoto, na kila alipoamriwa alijibu kwa sauti ya madhabahuni.

"Kanyaga!"

"Amina!"

"Achia!"

"Amina!"

"Mwinjilisti, hii ni breki. Siyo sala."

"Fundi, anayeshuka mlima huu bila breki atasali tu, apende asipende."

Watu waliokuwa wakisubiri basi walicheka. Wao ndio waliolichukua neno lile "kanyaga" wakampa mwenyewe liwe jina lake, na kufikia mwaka 1970 hata barua za chama cha ushirika ziliandikwa "Kwa Fundi Kanyaga". Hakuchukia. Alipenda jina linalotokana na kazi.

Kazi yenyewe alianza kujifunza Moshi mjini kabla ya Uhuru, katika gereji ya Singasinga mmoja aliyekuwa mkali kuhusu mambo mawili: kuchelewa na kupoteza waya. Kipande cha waya kilichobaki sakafuni kilimfanya mzee yule asimamishe kazi zote na kuuliza ni cha nani. Aminieli alitoka pale mwaka 1963 akiwa na sanduku la spana, taa ndogo ya kupimia aliyoiunda kwa balbu na nyaya mbili, na mazoea ya kupima mara tatu kabla ya kukata.

Utaratibu wake wa kutafuta hitilafu katika taa za nyuma haukubadilika. Kwanza balbu: aliichomoa, akaiinua kwenye mwanga, akautazama uzi wake. Kisha tundu la balbu, kama lina kutu. Kisha fyuzi, kisha swichi, kisha waya wote kutoka mbele hadi nyuma, pima kwa pima, akiupapasa kwa vidole kama mtu anayetafuta mwiba. Mwisho kabisa alipima kile ambacho mafundi wanakiita athi. Umeme hutoka kwenye betri ukafika kwenye taa, kisha lazima urudi kwenye betri. Usipopata njia ya kurudi, taa haiwaki hata kama kila kitu kingine ni kizima. Katika gari dogo njia ya kurudi ni chuma cha gari lenyewe. Lakini malori yetu ya kahawa yalikuwa na bodi za mbao, na taa za nyuma zilifungwa kwenye mbao hizo. Kwa hiyo ilibidi uwepo waya mmoja wa athi kutoka kwenye taa zote mbili hadi kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya bodi, nao ulifungwa kwa bolti moja.

Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu kila kilichompata Aminieli baadaye kilipita katika waya huo.

Mwezi wa Agosti mwaka 1973, siku ya Alhamisi, lori la chama cha ushirika liliingia uani kwake likiwa tupu. Dereva wake alikuwa Wenseslaus, Mfipa wa Sumbawanga, aliyekuja kwetu kutafuta kazi katika mashamba ya miwa na hatimaye akaajiriwa na chama. Taa za nyuma zilikuwa zimekufa zote mbili. Aminieli alifuata utaratibu wake mpaka mwisho na kukuta waya wa athi umeliwa na kutu. Akakata mpya, akaufunga kwa bolti safi, akazijaribu taa mara nyingi. Zilikuwa nyekundu vizuri. Saa tisa alasiri Wenseslaus alipanda mlimani kuchukua kahawa.

Alishuka na shehena jioni, ukungu wa baridi ukiwa umeshikamana na barabara. Kwenye Kona ya Mfongo, mahali ambapo mfereji wetu wa kumwagilia unapita chini ya barabara, tairi la mbele lilipasuka. Wenseslaus alisimama palepale kwenye mteremko na kuacha taa zikiwa zimewashwa. Akatoka na panga, akakata majani kwenye ua wa karibu, akayapanga katikati ya barabara hatua thelathini nyuma ya lori, kama madereva wafanyavyo ili anayekuja ajue kuna gari limeharibika. Kisha akaingia chini na jeki.

Ua alioukata ulikuwa wa masale.

Kwao Sumbawanga, jani ni jani. Kwetu sale hupandwa kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, na juu ya makaburi ya wazee. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale, na anayeletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Masale hayatupwi ovyo, wala hayakanyagwi.

Eliufoo alikuwa akishuka kwa baiskeli kwenda kumwombea mgonjwa. Aliyaona masale yametandazwa barabarani. Hakuna ajuaye alidhani nini. Labda kwamba watu fulani wamepatana mahali pale, au kwamba kuna aliyeyadharau. Tunachojua ni kwamba aliegemeza baiskeli kwenye ukingo, akainama na kuanza kuyaokota moja moja. Alipogongwa na gari dogo lililotokea juu, alikuwa na majani kumi na moja mkononi.

Mwenye gari lile, mgeni asiye wa huku, alikaa ukingoni na kusema jambo moja tu kwa kila aliyefika. "Hapakuwa na taa. Ningeona hata moja nyekundu, ningepunguza mwendo."

Asubuhi polisi walilikagua lori. Wakati huo magunia yalikuwa yameshushwa ili liweze kuinuliwa, na taa zake zilikuwa zinawaka zote mbili. Ukungu ndio uliobebeshwa lawama, na faili likafungwa.

Katika mazishi tulikaa kwenye kihamba cha marehemu, wanaume upande wa zizi la ng'ombe. Baba yake mdogo, Mzee Ebenezeri, alikuwa akilia bila kujificha. Alisema, si kwa yeyote, "Lakini mwanangu, kwa nini hukukanyaga tu? Ungekanyaga ukapita."

Wengi waliinamisha vichwa. Wachache, mimi nikiwa mmoja wao, tulimtazama Aminieli bila kukusudia. Tangu siku hiyo niliacha kumwita kwa jina lake la utani, na niliona wengine wakiliacha pia. Miezi ikapita, kisha waliokuja kwa basi kutoka mbali wakalirudisha, kwa kuwa wao hawakujua.

Alichokitaka Aminieli kuanzia hapo kilikuwa kitu kimoja: kujua kama ni mikono yake iliyomwacha Eliufoo gizani. Kama siyo, angekwenda kwa mjane, Aikande, kumpa pole kama watu wengine walivyofanya. Kama ndiyo, angekwenda kuomba msamaha. Bila kujua hakuweza kwenda kabisa. Kwa miaka sita alipita njia ya migombani nyuma ya kanisa ili asikutane naye.

Lori lenyewe halikumpa nafasi ya kusahau. Lilianza kusemwa. Watu waliotembea nyuma yake jioni, wakitoka kupeleka kahawa, walisema kwamba likifika Kona ya Mfongo taa zake za nyuma huzima zenyewe, na likifika tambarare huwaka tena. Wenye maneno walisema ni Eliufoo anayezizima. Wengine walisema hapana, mwinjilisti hawezi kufanya hivyo. Ni masale yale yaliyokatwa bila ruhusa. Wenseslaus, ambaye hakuamini masale wala mizimu ya watu wengine, alianza kukataa kushuka baada ya saa kumi na moja, na kila msimu alilileta lori kibandani.

"Mzee, zimezima tena pale pale."

Aminieli angewasha swichi. "Mbona zinawaka?"

"Hapa zinawaka kwa sababu zinakuogopa. Kule juu hazikujui."

"Wenseslaus, umeme hauna woga."

"Basi uambie wewe huo umeme. Mimi unanionea kwa kuwa ni mgeni."

Alizipima zikiwa zinawaka, kazi ngumu kuliko kuzipima zikiwa zimezima, maana kitu kizima hakionyeshi jeraha. Alibadilisha balbu katika miaka ambayo balbu moja ilitafutwa hadi Tanga. Alibadilisha fyuzi. Alibadilisha swichi, na mwaka 1976 aliung'oa waya wote uliotoka mbele hadi nyuma akavuta mwingine. Mwisho wa kila ukaguzi aliweka taa yake ya kupimia kwenye athi, na kila mara ikawaka bila kuyumba. Aliandika matokeo katika daftari la shule alilonunua kwangu. Lori likapanda mlimani, na wiki mbili baadaye watu wakasema zimezima.

Jambo jingine alinisimulia mara moja tu, akiwa ananishikia ngazi nilipokuwa nikiziba paa la darasa. Ilikuwa katika kipindi kile magari yalipokatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Aminieli hakuwa mtu wa kufanya kazi siku ya Bwana, lakini gari la zahanati lilikuwa uani na lilihitajika Jumatatu alfajiri, hivyo baada ya ibada alishuka kulimalizia. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari wala mtu. Alichuchumaa nyuma, akafunga kioo chekundu cha taa, akafuta vidole, na kwa mazoea, akisahau kuwa yuko peke yake, akasema, "Kanyaga."

Taa za breki zikawaka.

Aliniambia alibaki amechuchumaa. Kupitia kioo cha nyuma alikiona kiti cha dereva, na hakikuwa na mtu. Alingoja. Alichongoja, aliniambia, ni ile amina. Haikuja. Baada ya muda asioweza kuupima alisema kwa sauti ndogo, "Achia," na taa hazikuzima. Ziliwaka mpaka alipokwenda mbele na kuivuta pedali kwa mkono.

"Nilifungua swichi ya pedali, Mwalimu. Springi yake ilikuwa imechoka. Inaweza kujishika yenyewe, gari likitikisika kidogo tu. Nami nilikuwa nimeliegemea."

"Basi ndiyo hiyo," nikasema.

"Ndiyo hiyo." Alishika ngazi kwa mikono yote miwili. "Lakini ilikuwa imechoka tangu zamani. Sielewi kwa nini ilingoja niseme."

Niliendelea kugongelea msumari. Baada ya hapo sikumsikia tena akisema neno lile kazini. Alipohitaji mtu wa pedali alisema, "Bonyeza kwa mguu," maneno yaliyowafanya watu waulize mara mbili.

Njia ya kutoka ilitokea jikoni kwake. Mkewe, Priska, alikuwa akipeleka ndizi kwenye soko la Njia Panda siku mbili kwa wiki, mkungu kichwani, na mwaka ule wa 1979 goti lake la kulia lilikuwa likimsumbua. Jioni moja Aminieli alilikanda kwa maji ya moto, akibonyeza huku na huku.

"Hapa panauma?"

"Hapaumi."

"Na hapa?"

"Baba Digna, utabonyeza mpaka kesho. Goti hili haliumi nikiwa nimekaa. Linauma nikiwa nashuka, tena nikiwa na mkungu kichwani. Unataka likuambie nini likiwa limepumzika?"

Aminieli aliuacha mkono wake pale kwenye goti. Priska alisema alidhani mumewe ameshikwa na kichomi. Kisha aliinuka, akachukua lile daftari, akasoma kurasa zote, na katika kila ukurasa akaona jambo lile lile ambalo hakuwahi kuliandika kwa sababu halikumjia kamwe: lori limekaguliwa likiwa tupu, likiwa limesimama tambarare.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, tulikuwa Kona ya Mfongo. Wenseslaus alileta lori likiwa na shehena kamili ya kahawa, akalisimamisha likitazama chini. Jua lilikuwa kali, hivyo Aminieli alinipa gunia nizifunike taa za nyuma na kuchungulia ndani, ili nione kama zinawaka. Yeye alilala chini ya lori, chali, juu ya majani makavu ya migomba.

"Mwalimu, unaona nini?"

"Zinawaka zote mbili."

"Wenseslaus, lishushe kidogo, kisha ushike breki kwa nguvu."

"Uko chini, mzee."

"Nipo katikati. Magurudumu hayanifikii. Fanya."

Lori likasogea hatua moja na kusimama kwa kishindo. Juu yangu magunia yalilia kwa pamoja, na mbao za bodi zikasogea mbele kwenye chesisi, si zaidi ya upana wa kidole. Ndani ya gunia palikuwa giza.

"Zimezima," nikasema.

Nikaita kwa sauti zaidi.

"Aminieli, zimezima."

"Nimesikia." Sauti yake ilitoka chini ikiwa tulivu sana. "Wenseslaus, rudisha nyuma upande juu."

Lori liliporudi nyuma, bodi ilikaa mahali pake, na mwanga mwekundu ukanijia usoni. Aliamuru hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na hakika kuwa hapimi tena. Alikuwa akitazama tu.

Tulipoinama kumwangalia, alituonyesha. Ulikuwa waya wa athi, ule alioufunga mwenyewe Alhamisi ya Agosti 1973. Lori likiwa tupu na tambarare, ulitosha kabisa. Likiwa limebeba na limeinama, bodi ilisogea mbele, waya ukakazwa kama kamba ya kuanikia nguo, na kichwa chake kikanyanyuka kutoka kwenye bolti kiasi cha unene wa ukucha. Hapo umeme ulikosa njia ya kurudi, na taa zote mbili zikafa pamoja. Alikuwa ameukata mfupi. Hakuukata kwa uzembe. Aliupima mara tatu, akauondolea kila kilichozidi, kama Singasinga alivyomfundisha. Katika miaka sita alikuwa amebadilisha kila waya wa lori lile isipokuwa huo, kwa kuwa ulikuwa kazi yake na ulikuwa safi.

"Huu ni wangu," alisema.

Wenseslaus alivua kofia. "Mzee, hata mimi nilikata majani yale."

"Wewe hukujua majani. Mimi ninajua waya."

Alifunga mwingine, akiuachia mzunguko wa kutosha kunyumbulika. Ule mfupi aliukunja na kuutia katika mfuko wa shati.

Jumatatu alikwenda kwanza kwa Mzee Ebenezeri, kama ilivyo desturi, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Mzee alisikiliza yote, akasaga ugoro kwa muda mrefu.

"Utakwenda na sale," akasema. "Nitakukatia mwenyewe."

"Kwa mama yule, Mzee? Sale?"

Ebenezeri alielewa. Aikande alikuwa amekataza sale lisipandwe juu ya kaburi la mumewe, na mwaka mmoja baada ya msiba aliyang'oa masale yote yaliyokuwa kwenye mpaka wake, akapanda maua ya kawaida. Ukoo ulilalamika, naye hakumjibu mtu.

"Desturi ndiyo inayokulinda," mzee alisema. "Ukienda na sale hawezi kukukatalia. Ukienda mikono mitupu anaweza kukufukuza, na hakuna atakayemlaumu."

"Basi na anifukuze."

"Miaka sita umekuwa ukimkimbia, leo unataka akufukuze?"

"Nataka awe na uwezo wa kunifukuza, Mzee. Nikimpelekea jani lile nitakuwa nimemfunga mikono kwa kitu kilekile kilichomponza mumewe."

Ebenezeri alimtazama kama mtu anayetazama mvua ya wakati usiotarajiwa. "Sikupi ruhusa," akasema mwishoni. "Lakini sitasimama njiani."

Yaliyobaki niliyapata kwa Aikande mwenyewe, baadaye sana, na Aminieli hakuyakanusha.

Alifika alasiri. Aikande alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, akimenya maharage mabichi. Maganda upande huu, ungo magotini. Aminieli alisimama mwanzo wa uwanja na kusalimu. Akaambiwa karibu. Hakukaa.

"Mama Elinipendo, nimekuja kuhusu taa."

"Taa gani?"

"Za lori. Yule mgeni alisema kweli. Hazikuwa zinawaka."

Aikande hakuacha kumenya. Aminieli akaeleza yote, kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza hitilafu kwa mwenye gari: bodi ya mbao, mteremko, mzigo, bolti. Hakutaja ukungu. Alipomaliza alitoa waya mfukoni, akaunyoosha kwenye kiganja. Aikande aliutazama, na mara ya kwanza vidole vyake vikasimama.

"Huu?"

"Huu."

"Ulitakiwa kuwa mrefu kiasi gani?"

Aminieli alipanua kidole gumba na kidole cha mwisho. "Kuzidi hapo, shubiri moja."

Mjane aliuangalia mkono ule uliopanuliwa. Naye, taratibu, akapanua wa kwake hewani, akaupima urefu ule kwa macho. Ng'ombe alisogea zizini. 

"Mimi nilimchukia yeye," alisema. "Mwanangu Elinipendo hajui, wala Mzee Ebenezeri. Watu walikuja hapa wakaniambia alikufa kwa heshima, na mimi nikawapa chai huku moyoni nasema, ungekanyaga tu, mjinga wewe, ungekanyaga urudi nyumbani. Kila Jumapili nimekaa kanisani na hasira juu ya marehemu. Walichonipa ni ukungu. Ukungu siwezi kuusamehe wala kuukasirikia."

"Nikasirikie mimi."

"Nitakukasirikia. Usinifundishe." Alirudisha macho kwenye ungo. "Hukuleta sale."

"Sikuleta."

"Mzee alikukataza?"

"Alitaka nilete."

Aikande alitikisa kichwa kidogo, jambo ambalo Aminieli hakuweza kujua ni kukubali au ni kushangaa. "Leo siwezi kukuambia neno unalolitaka," akasema.

"Sijalidai, mama."

"Unalitaka lakini. Linaonekana usoni." Alinyanyua rundo la maharage yaliyokuwa bado kwenye maganda, akaligawa kwa mkono bila kupima, akasukuma nusu kuelekea mahali palipokuwa na kigoda kingine kitupu. "Mvua itanyesha, na haya nayapeleka kwa mgonjwa jioni. Kaa. Umesimama kama mkusanya kodi."

Aminieli alikaa. Akaurudisha waya mfukoni, akafuta mikono kwenye suruali na kuchukua ganda la kwanza. Vidole vyake, vilivyozoea nati na nyaya, havikuwa na haraka katika kazi ile. Alipasua ganda kwa ukucha wa kidole gumba, akazihesabu punje kwa macho, akaziacha zianguke kwenye ungo. Aikande alimenya matatu kwa moja lake, na hakumsubiri. Wala hawakuzungumza tena, isipokuwa mara moja mjane alipomwambia kwamba lile lililooza alitupe upande wa kuku.

Matone ya kwanza yaligonga majani ya migomba. Lundo la Aikande likaisha; akainuka, akaingiza kigoda chake ndani, akachochea moto. Aminieli alibaki nje na maganda manane, kisha matano, kisha mawili. La mwisho lilikuwa gumu na halikupasuka kwa ukucha. Akalipindua, akatafuta mshono wake, akalibonyeza kuanzia nchani mpaka likafunguka, akazitia punje zake sita kwenye ungo, akaunyanyua kwa mikono miwili, akaupeleka jikoni.